Mpelelezi Anapouacha Upelelezi

Wanafunzi wetu wakipewa riwaya waihakiki, wengi huandika kwamba "mwandishi amefaulu sana". Huenda ni kwa kuwa hapa kwetu Kiswahili hujifunzwa darasani, na kitabu cha darasani huogopwa. Ni nadra kumpata anayesema kitabu kimemvunja moyo, na kueleza sababu. Tutazame mfano wa Uingereza.

Ellis Peters (jina lake halisi Edith Pargeter, 1913-1995) alitunga riwaya 20 kuhusu Bruda Cadfael, askari wa zamani wa Vita vya Msalaba aliyegeuka mtawa na mkulima wa mitishamba huko Shrewsbury. Visa hivyo ni vya karne ya 12, Stephen na binamu yake Maud walipokuwa wakipigania taji. Ni upelelezi wa upole, usio na damu nyingi. Aliyemzoea Bwana Msa na kiko chake hatajiona mgeni humo.

Ya kwanza, A Morbid Taste for Bones, ilitoka mwaka 1977. Ya mwisho, Brother Cadfael's Penance, ilitoka 1994, nayo ndiyo iliyonivunja moyo. Mtu anauawa Coventry, kijana asiye na hatia anashukiwa, nasi wasomaji tunakaa tayari. Lakini moyo wa Cadfael uko kwingine: mwanawe Olivier ametekwa, hajulikani alikofungwa. Abate amempa ruhusa ya kwenda Coventry tu. Yeye anavunja utii na kuendelea na safari. Tangu hapo mauaji yanawekwa kando. Tunasoma habari za mateka na ngome iliyozingirwa, na fumbo linapofumbuliwa, linafumbuliwa pembeni, bila hata muuaji kufikishwa mbele ya sheria.

Kasoro hii ni ya msuko. Swali la "nani kaua?" ni deni: likiulizwa mapema, taharuki yote hulitegemea. Mwandishi akiwasha swali jingine lenye joto zaidi, la kwanza hupoa. Mwanafunzi anaweza kulionyesha hilo kwa kutaja sura ambamo maiti haikumbukwi kabisa.

Mwenzangu mmoja idarani hakubaliani nami. Kwake hii ndiyo bora kuliko zote, kwani swali lake ni kama mtawa aliyetoroka atapokelewa tena nyumbani. Kuhusu baba na mwana, nakiri, sina la kumjibu. Kuhusu maiti ya Coventry, bado tunabishana.