Tope la vyoo shambani: lini ni mbolea, lini ni hatari

Tangu bei ya mbolea ya dukani ilipopanda mwaka 2021, kamati kadhaa za parokia za Shinyanga na Geita zimetuletea ombi linalofanana: tuwalipie lori wakachukue tope lililokauka kwenye mabwawa ya majitaka ya mjini, walimwage katika mashamba ya parokia. Ruzuku ya Serikali iliyoanza msimu wa 2022/23 imepunguza makali, lakini maombi hayajakoma. Mengine tumeyakubali, mengine tumeyakataa, na waliokataliwa wametunung'unikia. Ni haki yao, na ni haki ya wafadhili wetu pia, kuelezwa sababu.

Nyumba nyingi za miji yetu hutumia vyoo vya shimo. Shimo likijaa, gari la kunyonya majitaka huja na kwenda kumwaga bwawani. Maji hupanda juu, uzito hutua chini, na baada ya muda bwawa hukaushwa. Kinachobaki ni cheusi, kikavu, na hakinuki kama watu wanavyodhani. Kina naitrojeni na fosforasi, na zaidi ya hapo kina mboji, ambayo udongo wa kichanga tunaouita luseni unaihitaji kuliko kitu chochote ili ushike maji ya mvua zetu chache.

Hatari ya kwanza ni vijidudu, hasa mayai ya minyoo, ambayo huweza kukaa hai udongoni kwa miezi mingi, hata miaka. Hii ina dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unasema kwamba katika nchi za joto kinyesi kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja bila kuongezwa kingine kibichi, au kiozeshwe katika lundo linalopata joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa wiki nzima. Lundo lazima ligeuzwe, ili la nje nalo liingie kwenye joto. Tulipokubali, tulitaka kwanza kuona tarehe ya bwawa kufungwa.

Hatari ya pili haina dawa hiyo, nayo ndiyo iliyotufanya tukatae. Katika miji ya dhahabu, mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa kwenye karasha, zebaki hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa. Uchenjuaji huu hufanyika kwenye mialo, na mara nyingine uani kwa mtu, hatua chache kutoka choo cha familia. Maji ya kuoshea humwagwa panapofikika. Joto huua yai la mnyoo, lakini haliui zebaki, na mwaka hauiozeshi. Ikiingia shambani hukaa, na kila lori linaloletwa huiongeza. Mvua ikiipeleka mtoni na ziwani, hugeuka kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki.

Hatuzungumzi mambo ya kufikirika. Kijiji cha Rwamagasa, Geita, kilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki ulioanza mwaka 2002, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1986 kwamba kikomo cha zebaki katika tope la kupeleka shambani kiwe kati ya miligramu 16 na 25 kwa kilo moja ya tope kavu. Uswisi ilikwenda mbali zaidi ikapiga marufuku kabisa mwaka 2006.

Kwa hiyo, kwa mji wowote wenye mialo, hatutalipia lori kabla ya kipimo. Sampuli ichukuliwe sehemu kadhaa za bwawa, si pembeni tu panapofikika kwa urahisi, ipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza. Gharama ya kipimo tutaibeba sisi. Tunajua kusubiri kunaweza kuwapotezea msimu. Hadi hapo, samadi ya ng'ombe ingalipo katika maboma ya wafugaji wetu.

Kamati zilizokwisha kupokea tope zilitie katika pamba, mahindi na miche ya miti, si mchicha wala nyanya. Wanaolisambaza wavae buti na glavu, lifukiwe kabla ya mvua za Novemba, na mavuno yasiguswe kabla ya mwezi mmoja kupita.