Kocha Msaidizi Si Mwokota Mipira

Katika karne ya 18 na ya 19, Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kwa mafundi wake wa ngozi. Ufundi kama huo hauji ila kwa kukaa miaka ubavuni mwa mwalimu. Ajabu ni kwamba katika michezo ya vyuo, huyo akaaye ubavuni, yaani kocha msaidizi, hudharauliwa.

Tuitazame tenisi ya wanaume katika vyuo vikuu vya Marekani, alikopitia Mkenya Paul Wekesa, mwanafunzi wa Chapman, California, aliyefika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995. Timu hushindania pointi 7: moja ya michezo ya wawili wawili, na sita za mmoja mmoja. Michezo hiyo sita huweza kuchezwa kwa pamoja, viwanja sita, na kocha mkuu ana macho mawili tu! Kijana anayezama kiwanja cha tano ataokolewa na nani, kama si msaidizi amjuaye kwamba akighadhibika huupiga mpira wavuni?

Na kazi yenyewe haina dhamana. Kocha mkuu akifukuzwa, mara nyingi msaidizi naye hufunga virago, hata kama vijana wake walishinda.

Hapa kwetu mwalimu msaidizi wa michezo hufundisha vipindi vyake vyote, kisha jioni huingia uwanjani. Walimu wakuu wanapopanga ratiba, wampunguzie vipindi, na kombe likija, jina lake liandikwe.