Maana ya "Mtu Mweupe" katika Mahakama ya Juu ya Marekani, 1922-1923

Mabishano juu ya maana ya neno aghalabu huishia darasani au katika kurasa za kamusi, na anayeshindwa hapotezi zaidi ya hoja yake. Zipo nyakati, hata hivyo, ambapo neno huamua nani awe raia na nani abaki mgeni, nani amiliki shamba na nani alikodi. Kesi mbili zilizoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, ya kwanza tarehe 13 Novemba 1922 na ya pili tarehe 19 Februari 1923, ni za namna hiyo. Makala haya yanazitazama kwa jicho la mwanaisimu, kwa kuwa kiini chake ni swali la semantiki: je, maneno ya sheria yafasiriwe kwa elimu ya wataalamu au kwa matumizi ya watu wa kawaida? Katika muda wa siku 98 Mahakama hiyo iliegemea kwanza istilahi ya wataalamu, kisha ikaitupa na kushika usemi wa mtu wa kawaida. Na mara zote mbili aliyesimama mbele yake kutoka Asia akashindwa.

Yafaa kueleza kwanza ni mahakama gani inayozungumziwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ndiyo yenye neno la mwisho katika nchi hiyo, na ina majaji tisa. Haifai kuchanganywa na Mahakama Kuu kwa maana ya Kenya, ambayo chini ya Katiba ya mwaka 2010 iko chini ya Mahakama ya Rufani, nayo Mahakama ya Rufani iko chini ya Mahakama ya Juu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini majaji hao tisa walikuwa wamekwisha kujulikana kwa kulipanua au kulibana neno moja la katiba wapendavyo. Katika kesi ya Lochner ya mwaka 1905, kwa mfano, neno "uhuru" lililomo katika Rekebisho la 14 la mwaka 1868 lilisomwa kuwa linabeba pia haki ya mwoka mikate na tajiri wake kupatana juu ya saa za kazi. Kwa kura 5 dhidi ya 4, sheria ya New York iliyoweka kikomo cha saa 60 kwa juma ikaanguka. Majaji waliozowea kulishughulikia neno kwa namna hiyo ndio waliokuja kuletewa maneno "mtu mweupe".

Maneno hayo yalitoka katika sheria ya mwaka 1790, iliyosema kwamba mgeni anayeweza kupewa uraia sharti awe mtu huru mweupe. Mwaka 1870, baada ya utumwa kukomeshwa, waliongezwa watu waliozaliwa Afrika na wale wa asili ya Kiafrika. Baina ya makundi hayo mawili likabaki bara zima la Asia, nayo sheria haikulitaja. Mahakama za chini zikaachiwa kazi ya kubahatisha. Mwaka 1878, huko California, Mchina Ah Yup alikataliwa. Mwaka 1909 Waarmenia walikubaliwa. Mwaka 1913 jaji mmoja katika South Carolina alimkataa Msyria. Mwaka 1915 mahakama ya rufani ikasema Wasyria ni weupe. Jaji huyu alitazama ngozi, yule akatazama ramani, mwingine akafungua vitabu vya wataalamu wa mbari za binadamu.

Msemaji wa Kiswahili anayejaribu kuitafsiri sheria hiyo ya 1790 huuona utata wake mara moja. Aandike "mtu mweupe" au aandike "Mzungu"? Neno "Mzungu" halina rangi ndani yake: Mzungu aliyeunguzwa na jua la Malindi hata akawa mwekundu bado ni Mzungu. "Mweupe" nalo halina asili ndani yake. Katika nyumba moja ya pwani mtoto mmoja huitwa mweupe, wa pili mweusi, na wa tatu akasifiwa kuwa ni maji ya kunde, wala hakuna anayeuliza babu zao walitoka wapi. Laiti sheria ingalitungwa kwa Kiswahili na kusema "Mzungu", Mjapani asingalikuwa na kesi. Na kama ingalisema "mweupe", huenda ingalimtosha kunyoosha mkono wake mbele ya jaji. Kiingereza kililitwika neno moja mizigo yote miwili, ya rangi na ya asili.

Mwombaji wa kwanza, Takao Ozawa, alizaliwa Japani mwaka 1875 akafika Marekani angali kijana. Alimaliza shule ya sekondari huko Berkeley, akasoma karibu miaka mitatu katika Chuo Kikuu cha California, kisha akahamia Hawaii, ambako mwaka 1914 aliomba uraia. Uamuzi wenyewe ulikiri kwamba watoto wake walisomeshwa katika shule za Kimarekani, kwamba aila yake ilihudhuria makanisa ya Kimarekani, na kwamba lugha ya nyumbani kwake ilikuwa Kiingereza. Kwa tabia na elimu hakuwa na dosari, na Mahakama haikuificha sifa hiyo. Mawakili wake walitoa hoja ambayo mwanasemantiki hawezi kuipuuza: kwamba mwaka 1790 neno "mweupe" lilifafanuliwa kwa kinyume chake, yaani lilikusudiwa kuwatenga watu weusi na wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa hiyo asiyekuwa mmoja wa hao wawili hakutengwa.

Aliyeandika uamuzi alikuwa Jaji George Sutherland, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa Uingereza mwaka 1862 akapelekwa Marekani akiwa mtoto mchanga, na ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miezi miwili katika kiti chake. Alijibu kwamba swali si nani aliyetengwa bali ni nani aliyeingizwa. Ama rangi ya ngozi, aliikataa kabisa kuwa kipimo: hata miongoni mwa watu wa mbari moja rangi hupishana kidogo kidogo, kuanzia aliye mweupe kabisa hadi aliye maji ya kunde, na haiwezekani kuchora mstari. Kwa hiyo, akasema, "mtu mweupe" maana yake ni mtu wa ile mbari ijulikanayo na watu kuwa ya Kikaukasi. Mjapani si Mkaukasi. Alikubali kwamba katika mipaka ya istilahi hiyo patakuwapo eneo la utata, lakini Ozawa alikuwa nje ya eneo hilo. Majaji wote waliafikiana.

Uamuzi huo ulionekana kumfungulia mlango mwombaji wa pili. Bhagat Singh Thind alizaliwa Punjab mwaka 1892, akafika Marekani mwaka 1913, akafanya kazi katika kiwanda cha mbao huko Oregon, na mwaka 1918 akaingia jeshi la nchi hiyo. Mwaka huo huo alipewa uraia na kunyang'anywa baada ya siku chache. Mwaka 1920 mahakama ya Oregon ikampa tena, na serikali ikakata rufani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Mahakama ya Juu imesema mweupe ni Mkaukasi. Wataalamu wa mbari wanawaweka watu wa Punjab katika kundi la Wakaukasi. Tena Kipunjabi ni lugha ya familia ya Kihindi-Kiulaya, ndugu wa mbali wa Kiingereza chenyewe. Basi Thind ni mweupe.

Hata jina aliloitwa katika kesi hiyo linahitaji maelezo. Thind alikuwa Singasinga. Mahakama ilimwita Mhindu wa tabaka la juu, kwa sababu Kiingereza cha Marekani cha siku hizo kiliwaita Wahindu watu wote waliotoka India, wawe wa dini gani. Mkazi wa Nairobi au Mombasa, ambaye hutofautisha Mhindi, Mhindu na Singasinga bila kufikiri, angeshangaa kuona mahakama kubwa namna ile ikianza kazi ya kufasiri maneno kwa kosa la aina hiyo.

Ni Sutherland tena aliyeandika. Safari hii alisema kwamba neno "Mkaukasi" halimo katika sheria. Lilitumiwa katika kesi ya Ozawa kurahisisha tu, wala wale waliotunga sheria ya 1790 huenda hawakulijua. Waliandika kwa usemi wa kila siku, na usemi huo lazima ufasiriwe kama aufahamuvyo mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida ajua vyema kwamba mwenyeji wa Punjab na yeye hawafanani, hata kama katika giza la kale walikuwa na babu mmoja. Majaji wote waliafikiana tena.

Ndani ya uamuzi huu mna aya ambazo mwalimu yeyote wa isimu ya Afrika angepaswa kuzisoma. Kuhusu neno "Waarya", Sutherland alieleza kwamba hilo ni neno la uainishaji wa lugha, si la maumbile, na kwamba ujamaa wa lugha hauthibitishi ujamaa wa damu: mamilioni ya watu weusi wa Marekani husema Kiingereza, akasema, na bado hawahesabiwi kuwa mbari moja na weupe. Kwa upande wa isimu hoja hii ni sahihi kabisa, ingawa mfano wenyewe unaonyesha ubaguzi wa msemaji wake. Kisha akamgeukia mtaalamu A. H. Keane, ambaye kitabu chake kiliwaingiza katika Ukaukasi si Wahindi tu bali pia Wamaori, Watahiti na hao walioitwa Wahamiti wa Afrika, japo rangi yao ni ya kahawia hadi nyeusi. Mmarekani wa kawaida, akasema jaji kwa kejeli, angestaajabu kusikia kwamba mbari yake imekusanya watu wa namna mbalimbali kiasi hicho.

Wahamiti hao wanajulikana vyema katika taaluma ya lugha za Afrika. Mwaka 1912 Carl Meinhof alichapisha kitabu kizima juu ya lugha zao, akichanganya sarufi na sura za watu, na mchanganyiko huo uliendelea kufundishwa kwa miongo kadhaa. Ni uainishaji wa Joseph Greenberg wa mwaka 1963 uliosisitiza kwamba lugha zipangwe kwa ushahidi wa lugha peke yake. Yaani mwaka 1923 jaji wa Marekani alikuwa amekwisha kuuona udhaifu wa kuchanganya lugha na mbari, akautumia udhaifu huo kumfungia Mpunjabi mlango.

Anayemtetea Sutherland anaweza kusema kwamba hakujipinga, kwa kuwa hata katika kesi ya Ozawa alitaja mbari "ijulikanayo na watu" kuwa ya Kikaukasi. Utetezi huu una uzito kidogo. Walakini ukiukubali, swali gumu zaidi laibuka: huyo mtu wa kawaida aliulizwa lini? Mtunga kamusi anayedai kwamba neno fulani lina maana fulani huleta mifano ya matumizi: barua, magazeti, hati za zamani, masimulizi ya wasemaji. Katika uamuzi wa Thind hamna hata mfano mmoja. Mtu wa kawaida ni jaji mwenyewe aliyevaa kanzu ya watu.

Tena maana ya mwaka 1790 haikuachwa ilivyokuwa. Sutherland alikiri kwamba watunga sheria wale waliwafahamu hasa wahamiaji wa Visiwa vya Uingereza na Ulaya ya kaskazini-magharibi, na kwamba waliofuata baadaye kutoka mashariki na kusini mwa Ulaya, wenye macho meusi na ngozi za kahawia, walipokelewa bila ubishi kuwa jamaa zao. Kumbe neno liliruhusiwa kukua, kama maneno yote hai yakuavyo. Likazuiwa lilipofika Asia.

Madhara yake hayakuwa ya kinadharia. Katika majimbo kama California, ambako sheria ya mwaka 1913 ilimnyima ardhi mgeni asiyestahili kuwa raia, maana ya "mweupe" iligeuka kuwa hati ya shamba. Na mwezi Novemba 1923 Mahakama hiyo hiyo ikaithibitisha sheria kama hiyo ya jimbo la Washington. Chini ya sheria ya Septemba 1922, mwanamke raia aliyeolewa na mgeni wa namna hiyo alipoteza uraia wake mwenyewe. Serikali ilianza kuwavua uraia Wahindi waliokwisha kuupata. Mmoja wao, mfanyabiashara Vaishno Das Bagai wa San Francisco, alijiua mwaka 1928. Mwaka 1927 Mahakama ilikataa kusikiliza rufani ya serikali dhidi ya mwanasheria Sakharam Ganesh Pandit, na msako huo ukafifia.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Tarehe 4 Juni 1923, miezi isiyofika minne baada ya kesi ya Thind, Mahakama iliamua kesi ya Robert Meyer, mwalimu wa Nebraska aliyetozwa faini ya dola 25 kwa kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma Kijerumani. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1919 ilikataza lugha za kigeni kwa watoto wadogo, ingawa mahakama ya jimbo ilivumilia Kilatini, Kigiriki na Kiebrania kwa kuwa ni lugha za kale. Kilichoogopwa ni lugha inayosemwa na mama jikoni. Kwa kura 7 dhidi ya 2 majaji waliifuta, wakilisoma lile neno "uhuru" la kesi ya Lochner kuwa linamlinda pia mwalimu wa lugha na mzazi anayemtaka. Mmoja wa wale wawili waliokataa alikuwa Sutherland. Hivyo mwaka huo Kijerumani kilipata ulinzi wa katiba, ilhali Kiingereza cha nyumbani kwa Ozawa hakikuwa kimemfaa kitu.

Sharti la mbari lililegezwa kwa Wachina mwaka 1943 na kwa Wahindi mwaka 1946, likaondolewa kabisa mwaka 1952. Ozawa alikuwa amefariki mwaka 1936 bila kuwa raia. Mwaka huo huo Thind alipewa uraia huko New York kwa sheria ya mwaka 1935 iliyowahusu askari wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ambayo haikuuliza rangi yao. Ilikuwa mara yake ya tatu kuupata. Alibaki nao hadi alipokufa mwaka 1967.