Uvimbe Unaobaki Baada ya Pigo la Muundi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kueleza jambo linalowatia watu wengi hofu bure, na pengine huwafanya wajidhuru kwa mikono yao wenyewe.

Mtu hujigonga muundi kwenye jiwe, au hupigwa teke katika mpira, au huangukiwa na mchi. Ngozi haikupasuka, lakini baada ya majuma matatu, akipapasa, huona kinundu kigumu. Hapo hutafuta wembe. Twaomba wembe huo uwekwe kwanza.

Mfupa wa muundi u karibu sana na ngozi, wala hauna nyama ya kuukinga kwa mbele. Pigo likishuka, mishipa midogo ya damu hubanwa juu ya mfupa ikapasuka, na damu, kwa kukosa njia, huvilia chini ya ngozi. Mahali hapo huwa peusi, kisha rangi ya majani, kisha manjano. Damu nyingine huganda ikawa donge, na mwili huliyeyusha polepole. Donge dogo huisha kwa majuma machache. Kubwa huweza kukaa miezi. Pengine mafuta ya chini ya ngozi nayo hupondeka, yakaacha ugumu wa muda mrefu.

Basi, afanyeje? Siku mbili za kwanza apumzishe mguu, auinue juu ya mto, na kuweka kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Asikandwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa, maana damu itazidi kuvuja. Baadaye atembee kidogo kidogo. Wala asichanje: ngozi nzima ni ngao, na wembe hufungua mlango wa usaha na pepopunda.

Lakini ziko dalili zisizongoja. Mguu ukikaza kama ngoma, maumivu yakazidi, na vidole vikafa ganzi, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, kwani nyama huweza kufa kwa muda wa saa chache. Vivyo hivyo asiyeweza kukanyaga, mwenye homa na uvimbe wa moto, au aliyevimba shavu lote la mguu.

Na kinundu kinachozidi kukua, au kinachouma usiku, kionwe na daktari, hata kama mtu akumbuka pigo lake. Maana si kila uvimbe hutokana na pigo linalokumbukwa. Kinachopungua kingojewe, kinachokua kionyeshwe.