Haoni, lakini daftari analo!

Leo tuache kidogo stori za mapenzi na muziki, twende upande ambao wengi tunaupita tu.

Hivi ukikutana na mtu asiyeona mjini, unafikiria nini kwanza? Sema kweli. Bakuli na sarafu, au siyo? Basi umechemsha. Enzi za Rais Magufuli, mwanasheria asiyeona, Amon Mpanju, aliteuliwa kuwa Naibu Katibu Mkuu, Wizara ya Katiba na Sheria. Bila shule hufiki pale.

Na shule zenyewe si za juzi. Buigiri, kule Chamwino mkoani Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Ndiyo kongwe ya watoto wasioona hapa nchini. Majirani zetu wa Thika, Kenya, walitangulia, 1946. Baadaye zikaja nyingine, kama Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto.

Wanasomaje? Kwa nukta nundu. Aliyezibuni ni Louis Braille wa Ufaransa, aliyepoteza macho utotoni baada ya kujichoma na chombo cha kazi cha baba yake. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15 tu, akapata mpango wa nukta sita unaotoa alama 63. Mwanafunzi akiandika kwa kibao na sindano, anaanzia kulia kwenda kushoto, kisha anageuza karatasi na kuisoma kwa vidole kushoto kwenda kulia. Jaribu wewe na macho yako mawili uone kazi!

Si wote wasioona kabisa. Wapo wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino, wanaohitaji maandishi makubwa na kukaa mbele. Mauaji ya wenye ualbino yaliposhika kasi 2007 na 2008, shule kama Buigiri na Mitindo ya Misungwi zikawa pia mahali pa usalama kwa watoto hao.

Sasa twende Mishamo, Katavi, makazi yaliyofunguliwa 1978 kwa wakimbizi wa Burundi, ambao wengi wao sasa ni Watanzania. Mzazi wa huko akitaka kumpeleka mwanaye Furaha, ni gari mpaka Mpanda, kisha reli kupitia Kaliua hadi Tabora. Mama gani hatasita kumwacha mtoto wa miaka saba mbali hivyo?

Kusita ni haki yake. Ila kumfungia ndani, eti unamlinda, hapo ndipo unamuua kimtindo. Wewe ukifa, atashika nini? Nenda ofisi ya elimu ya wilaya, muulize afisa elimu maalumu nafasi ziko wapi. Hata karibu na nyumbani panaweza kupatikana.

Na ukishampeleka, usimtupe huko kama mzigo. Likizo mrudishe, mpe kazi kama wenzake: achote maji, aoshe vyombo. Halafu mwambie akufundishe zile nukta. Herufi A ni nukta moja tu, huwezi kushindwa! Siku akikuandikia barua, utaisoma mwenyewe bila kumtafuta mwalimu.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mwenye mtoto ndani asisubiri mpaka wiki ijayo.