Shangingi la Safu Tatu: Rekodi za Dunia na Barabara za Tarime na Serengeti

Mwaka 1951 Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huohuo, huko Japani, Toyota walikuwa wakilijaribu gari lao jipya la milimani lililoitwa Jeep BJ. Mwezi Julai dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limewahi kufika. Nissan nao walitoa Patrol yao ya kwanza mwaka uleule. Gari lile la Toyota lilipewa jina la Land Cruiser 1954, na kufikia 2019 magari yenye jina hilo yaliyouzwa yalikuwa yametimia milioni 10, katika nchi na maeneo yapatayo 170. Kwa familia ya Tarime au Mugumu inayotafuta shangingi la safu tatu za viti, naiona hiyo kuwa rekodi yenye faida kuliko zote, maana gari lililouzwa kiasi hicho halikosi spea wala fundi.

Rekodi nyingine zipo, tena za kusisimua, na wauzaji hupenda kuzitaja. Ila kila moja inabidi ipimwe kwa barabara zetu. Lami inayotoka Mwanza huvuka Mto Mara kwenye Daraja la Kirumi, hupanda hadi Tarime mjini na kwenda kuishia Sirari, uso kwa uso na Isebania ya Kenya. Ukiiacha lami hiyo ukashika njia za vijijini kuelekea Nyamwaga na Nyamongo, au ukitoka Mugumu kwenda Nata na lango la Ikoma, unakutana na vilima, makorongo, vumbi la kiangazi na, masika yakianza, udongo mweusi unaonata kwenye tairi mpaka gari linakataa usukani. Na humo ndani ya gari wamo watu. Desemba watoto wako likizo, ndugu wanarudi kutoka Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi, kuna harusi, kuna sherehe za tohara, na bibi naye lazima apelekwe. Viti vitano havitoshi. Ndiyo maana nasema safu ya tatu ndiyo mtihani wa gari la familia, na rekodi isiyomsaidia anayekaa huko nyuma ni ya gazetini tu.

Tuanze na mkongwe. Gari la kwanza kubwa kuwa na safu tatu kwa ajili ya watu na mizigo, ambalo jina lake halijafa hadi leo, ni Chevrolet Suburban ya Marekani. Ile ya 1935 ilibeba watu 8. Hakuna jina la gari lililotumika mfululizo kwa miaka mingi kuliko hilo. Suburban ya sasa ina urefu wa karibu mita 5.7, usukani uko kushoto, na kwa mtu wa Tarime ni gari la kuliona kwenye filamu.

Lenye kasi kuliko yote ni Land Cruiser 200 iliyofanyiwa marekebisho makubwa na Toyota huko Marekani. Mwaka 2017, katika jangwa la Mojave, dereva wa mbio Carl Edwards aliliendesha kwa zaidi ya kilomita 370 kwa saa. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Tusonge mbele.

Kwa kuvuta, Nissan Patrol ina historia. Mwaka 2013, katika uwanja wa ndege wa Sharjah huko Uarabuni, Patrol ilivuta ndege ya mizigo aina ya Ilyushin Il-76 yenye uzito wa tani 170.9, ikaingia katika kitabu cha Guinness. Miaka minne baadaye Porsche Cayenne ilivuta ndege ya A380 yenye tani 285 huko Paris, lakini Cayenne haina safu ya tatu, kwa hiyo kwa shughuli yetu haihusiki. Huko Uarabuni, wanakoishi ndugu zetu wengi wenye asili ya Unguja na pwani, Patrol ni gari la heshima na la mchangani, na anayelisifu hakosei. Shida ni kwamba toleo lililotoka 2010, linaloitwa Y62, lina injini ya petroli ya lita 5.6 yenye silinda 8, na la dizeli halipo. Mwenye kisima cha mafuta jirani hatalalamika. Anayenunua mafuta yake Mugumu atalalamika kila wiki.

Mshindi wa mbio ndefu ni Mitsubishi Pajero. Katika mashindano ya Dakar, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakikimbiwa Afrika, Pajero ilishinda mara 12 kati ya 1985 na 2007, na saba za mwisho zilikuwa mfululizo. Hakuna jina jingine la gari lililofikia idadi hiyo katika kundi lake. Gari la mashindano si lile la dukani, hilo lieleweke, ila Pajero la kawaida lina sifa moja ninayoipenda: kiti cha safu ya tatu hukunjwa kikazama sakafuni, kikaacha buti tambarare la kupakia ndizi na magunia. Utengenezaji wake ulikoma 2021. Kwa mwenye bajeti ndogo bado ni gari la maana, mradi ajue kwamba kila mwaka unaopita spea zake zitakuwa ngumu kidogo kupatikana.

Sasa nifike kwa Land Rover Discovery, kwa sababu hapa ndipo moyo na akili vinagombana. Tangu toleo la tatu lililotoka 2004, Discovery ndiyo yenye safu ya tatu bora kuliko zote ninazozijua katika magari ya aina hii yanayopatikana kwetu. Kila safu imeinuliwa juu ya ile iliyo mbele yake, paa limepandishwa, na mtu mzima anakaa nyuma kabisa bila magoti kugusa kidevu. Bibi anaona njia, mtoto hapati kichefuchefu haraka. Toleo la tano lililokuja baadaye linaweza kupita kwenye maji ya kina cha sentimita 90, wakati Land Cruiser 300 imewekewa kikomo cha sentimita 70. Hiyo ni rekodi ya kweli kwa kundi hili, japokuwa korongo lililojaa masika halipimwi kwa macho na gari lolote linaelea likisukumwa na mkondo. Ndugu yake, Defender 130 ya mwaka 2022, imeongeza viti vikawa 8 na urefu ukapita mita 5.3.

Kwa nini basi akili inagoma? Discovery hizo nyingi hubebwa na mifuko ya hewa badala ya springi za chuma. Mfuko mmoja ukivuja, au pampu yake ikichoka, gari linalala chini upande mmoja, na kutafuta chanzo kunahitaji kompyuta yake na fundi aliyesomea. Halmashauri, hifadhi na mgodi wa North Mara pale Nyamongo wanatumia Land Cruiser, kwa hiyo vijana wa gereji za Tarime na Mugumu wamekulia chini ya chesisi za Toyota. Mfuko wa hewa wa Discovery utaufuata Mwanza au Nairobi. Anayeishi Mwanza na kuja kijijini mara mbili kwa mwaka anaweza kuichukua. Anayeishi Nyamwaga, ningemshauri aiache, ingawa namwonea huruma bibi wa safu ya nyuma.

Gari lililosafiri mbali kuliko yote linathibitisha hoja hiyo. Emil na Liliana Schmid, mume na mke kutoka Uswisi, waliondoka kwao mwaka 1984 na Land Cruiser la toleo la 60, wakazunguka dunia kwa zaidi ya miaka 30 na gari lilelile. Guinness wamewaandikia zaidi ya kilomita 700,000 na nchi zaidi ya 180. Gari lao halikuwa na skrini wala mfuko wa hewa. Lilikuwa na springi za majani ambazo fundi yeyote wa kijijini, Afrika au Amerika ya Kusini, angeweza kuzishusha na kuzirudisha jua halijazama.

Kuna rekodi nyingine ya Toyota isiyotangazwa sana. Tangu toleo la 80 la mwanzoni mwa miaka ya 1990, kupitia 100, 200 na 300, umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma umebaki milimita 2,850 zilezile. Wahandisi waliona kipimo hicho kinatosha kupita kwenye makorongo bila tumbo la gari kukwama, hawakukigusa. Walichokibadilisha ni safu ya tatu. Katika 80, 100 na 200 viti vya nyuma hukunjwa vikaning'inia ubavuni, vikala nafasi ya mizigo na kuziba dirisha. Katika 300, iliyotoka 2021, hulala chini. Injini yake ya dizeli ya lita 3.3 ina nguvu ya farasi 309. Na hili ndilo gari lililosubiriwa kuliko mengine: mwanzoni mwa 2022 Toyota waliwatangazia wateja wa Japani kwamba anayeagiza anaweza kungoja hadi miaka minne, na wanunuzi wengine walitakiwa kutia saini kwamba hawataliuza kabla ya mwaka kuisha.

Kwa familia nyingi za wilaya za Tarime na Serengeti, zile za mfanyabiashara wa Sirari, mkulima mkubwa wa kahawa, mtumishi mwenye akiba au mwenye hoteli karibu na hifadhi, uchaguzi halisi ni Prado. Toleo la 150 lilitengenezwa tangu 2009 hadi likapokewa na 250, na kati ya mashangingi ya safu tatu hakuna linalopata fundi haraka zaidi Tarime. Lakini angalia unachoagiza, kwa sababu Japani wameuza Prado 150 za viti 5 na za viti 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Wapo waliolipa, wakangoja meli, wakafungua mlango wa nyuma wakakuta zulia tupu. Omba picha ya safu ya tatu ikiwa imesimama na nyingine ikiwa imelala. Ikiwa viti vinakunjwa kwa umeme, omba uone vikifanya kazi.

Gari likishafika, usiishie kwenye usukani. Panda mwenyewe nyuma kabisa, ukae dakika 10 gari likitembea kwenye barabara ya vumbi. Kagua kama kuna matundu ya kiyoyozi huko, kama mkanda unashika bega na kiuno kwa kila kiti, na kama mtoto anaweza kutoka mwenyewe siti ya kati ikikunjwa. Kisha papasa mpira unaozunguka mlango wa nyuma. Gari likikimbia hujenga mvuto wa hewa nyuma yake, vumbi likazunguka na kutafuta upenyo. Mpira uliochoka huliingiza lote, na wa kwanza kulimeza ni mtoto wa safu ya tatu. Mpira mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya gari. Kumbuka pia kwamba viti vyote vikisimama buti linabaki jembamba, hivyo mizigo hupanda kwenye kerieri. Weka huko vyepesi tu, maana uzito wa juu ndio unaopindua magari haya marefu kwenye kona.

Juu ya injini, Prado ya petroli ya lita 2.7 ina nguvu ya farasi 163 na ni rahisi kuitunza, ila ikiwa na watu 7 inahema kwenye mpando wa kutoka bonde la Mto Mara. Ile ya dizeli ya lita 2.8, iliyoanza 2015, ina nguvu ya kuvuta karibu mara mbili, na kuanzia 2020 iliongezwa hadi farasi 204. Ningechukua hii. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina chujio la masizi na tangi dogo la maji ya AdBlue ya kusafisha moshi. Chujio hilo halipendi safari fupi za sokoni na nyumbani kila siku. Linataka mwendo mrefu lipate moto lijisafishe, kwa hiyo safari ya Mwanza mara kwa mara ni dawa yake. Maji ya AdBlue yakiisha, gari likizimwa linaweza kukataa kuwaka tena, kwa hiyo dumu moja likae nyumbani.

Mwisho ni kodi na namba. Injini zote mbili zinapita sentimita za ujazo 2,000, hivyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30, kwa hiyo hesabu mwaka wa kutengenezwa kabla hujavutiwa na bei ya mnadani. Kenya wao hawaruhusu kuingiza lililopita miaka 8, na ndiyo sababu ng'ambo ya Isebania unakuta Prado zinazong'aa zikiuzwa. Kabla ya kununua huko, kumbuka kwamba likivuka Sirari na namba za Kenya linahitaji kibali cha muda, na kwenye lango la hifadhi, ambako magari hutozwa kwa uzito, lenye namba za nje hulipa kwa dola na kwa kiwango cha juu zaidi kuliko lenye namba za Tanzania, hata kama familia iliyomo ndani ni ya Mugumu.