Bitana ya Mshipa Inapolala

Msomaji mmoja wa Karatina ameuliza swali zuri. Aligombana na makanga juu ya chenji, akaenda moja kwa moja kliniki, na presha ikasomeka juu kuliko siku zote. Je, ni marakara, kama hasira inavyoitwa huko, au ni mashine mbovu?

Habari za hasira kuamsha amigdala ya ubongo, homoni ya adrenalini na moyo kwenda mbio zimeshaandikwa sana. Utamu uko ndani ya mshipa wa damu.

Upande wa ndani wa mshipa una safu yenye unene wa seli moja tu. Wataalamu huiita endotheliamu. Wengine husema "utando wa ndani", lakini utando ni wa buibui, nao hukaa ukingoja nzi. Neno linalofaa liko kwa fundi cherehani: bitana, ile nguo laini inayoshonwa ndani ya koti ili mkono upite bila kukwama. Asubuhi za Nyeri mwezi Julai humfundisha mtu thamani ya koti lenye bitana.

Bitana hii ya mshipa, hata hivyo, ina kazi kubwa zaidi. Mwaka 1980 Robert Furchgott, nchini Marekani, alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikipewa kemikali iitwayo asetilikolini. Bitana ikisuguliwa ikatoka, hakilegei. Kumbe bitana hutoa kitu! Baadaye kilitambuliwa kuwa gesi, nitriki oksaidi, inayopenya hadi kwenye misuli ya ukuta wa mshipa, ikailegeza, kisha ikatoweka baada ya sekunde chache. Mwili kutuma amri kwa gesi ni jambo la ajabu hata leo. Kwa ugunduzi huo Furchgott, pamoja na watafiti Louis Ignarro na Ferid Murad, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Anayetaka kuielewa kazi hiyo ateremke Mwea, ambako maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, kutoka Mlima Kenya, huingia mifereji ya mpunga. Mlinda lango yuko ukingoni. Maji yakija kwa nguvu, yeye hufungua lango, mfereji mdogo ukapokea, shamba likanywa, kingo zikapona. Bitana nayo huhisi damu ikiisugua kwa kasi, ikatoa gesi, mshipa ukapanuka. Sasa mlinda huyo alale, na huko mlimani mvua inyeshe. Maji hayatamngoja aamke. Yatazisukuma kingo zile zile, katika nafasi ile ile.

Usingizi kama huo wa bitana, unaoletwa na hasira, ndio uliopimwa na Daichi Shimbo wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Mei 2024. Watu wazima 280 walipewa dakika 8: baadhi wakumbuke jambo lililowakasirisha, baadhi lililowatia wasiwasi, baadhi wasome sentensi za huzuni, waliobaki wahesabu hadi 100 tena na tena. Kwa waliokumbuka la kukasirisha, uwezo wa mishipa kupanuka ulipungua kwa hadi dakika 40. Wasiwasi na huzuni havikuonyesha athari hiyo. Wengi walikuwa vijana wenye afya, na mishipa ilirudi sawa. Lakini hawakuwa na makanga mbele yao, walikumbuka tu.

Dakika 40 zinatosha matatu kutoka Karatina kufika Nyeri mjini, hata ikipakia abiria Marua. Mgonjwa hushauriwa kutulia dakika 5 kabla ya kupimwa presha. Kwa aliyetoka kugombana, hizo ni chache. Amweleze muuguzi habari za chenji, aketi kwenye benchi, na apimwe tena foleni ikiisha.